Grogan Si Barabara Tu

Nairobi, ukitaka taa ya nyuma ya Probox kwa bei ambayo haitakutoa machozi, watu watakuambia kitu kimoja: shuka Grogan. Hawatasema Kirinyaga Road, ingawa ndilo jina lililo kwenye kibao. Watasema Grogan, na utafika. Utakuta mafundi wamelala chini ya magari, madogo wanakukimbilia na side mirror mkononi, na harufu ya mafuta ya gia ikipanda kutoka upande wa mto.

Siku moja nikiwa hapo, fundi akibadilisha brake pads za gari la rafiki yangu, nilimuuliza: "Boss, Grogan alikuwa nani?" Alitoa kichwa chini ya gari, akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtego.

"Si ni hapa?" akasema.

Nilicheka, lakini jibu lake lilinikaa kichwani. Mimi nililisikia jina hilo mbali sana na Nairobi, kabla hata sijajua Nairobi iko wapi. Nililisikia Mboghoni, huko Taveta, kwa nyanya yangu mzaa mama. Likizo za Agosti tulikuwa tunapelekwa kwake, na jioni, tukikataa kurudi nyumbani kutoka mferejini, alikuwa anatuita kwa kelele: "Mwafikiri maji hayo ni ya Grogan, mtakaa humo mpaka usiku?" Kwetu Grogan alikuwa kama zimwi. Mtu mkubwa asiyeonekana, mwenye maji yote, mwenye shamba lisiloisha, mwenye nyumba juu ya kilima.

Kwa hivyo kuna Grogan wa spea na kuna Grogan wa maji. Ni mtu mmoja. Na kama unataka kuelewa jinsi mfanyabiashara anavyogeuka kuwa mwanasiasa katika nchi hii, mchezo ambao tunauona kila uchaguzi, basi maisha yake ni mahali pazuri pa kuanzia.

*

Kwanza tuitoe njiani ile story ya mapenzi, kwa sababu ndiyo inayopendwa.

Ewart Scott Grogan alizaliwa London mwaka 1874, mmoja wa watoto 21 wa baba mmoja. Ukoo wa baba yake ulikuwa na asili ya Ireland, na jina lenyewe ni la huko. Alisoma Cambridge mpaka wakamfukuza. Akajaribu shule ya sanaa, akaiacha. Akaja kusini mwa Afrika kupigana katika vita vya Wamatabele mwaka 1896, akaugua, akaondoka. Katika kuzunguka akafika New Zealand, kwa familia ya rafiki yake wa chuo, na huko akampenda dada ya huyo rafiki, Gertrude. Baba wa kambo wa Gertrude alimwangalia huyu kijana asiye na shahada wala kazi, akawa na mashaka. Grogan akaahidi kufanya jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa amelifanya: kuvuka Afrika kutoka kusini hadi kaskazini.

Alianza Beira mwaka 1898, akatokea Cairo mwaka 1900. Mwaka huohuo akatoa kitabu, From the Cape to Cairo, na akamwoa Gertrude wake. Ukiisoma hivi, ni movie kabisa. Mtandaoni inarudi kila mara: mwanamume aliyetembea bara zima kwa ajili ya mwanamke, na chini yake comments za wasichana wanaouliza wao watapata wapi mtu kama huyo.

Lakini hakutembea peke yake. Mizigo yake ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wamanyema waliochukuliwa upande wa Ujiji, watu waliozijua njia hizo za misafara kabla yeye hajazaliwa. Wao hawakuwa wanamthibitishia mkwe yeyote chochote. Walikuwa kazini. Na ndani ya kitabu hichohicho, karibu na habari za tembo na milima ya moto, kuna hoja ambayo wanaopost story ya mapenzi huwa hawaifikii: kwamba njia bora ya kumwendeleza Mwafrika ni kumlazimisha afanye kazi. Aliiandika akiwa na umri wa miaka 25, kabla hajamiliki hata ekari moja Kenya. Mashamba yalikuja baadaye. Mawazo ya jinsi ya kuyaendesha yalishakuwepo.

Hapa nafikiria Ireland kidogo. Mwaka 1874, Grogan anapozaliwa, wakulima wa Ireland walikuwa wapangaji katika ardhi ya mababu zao, wakiwalipa kodi mabwana wa ardhi ambao wengine hata hawakuishi huko. Miaka mitano baadaye wakaanza kupigana na mfumo huo, kwa migomo na kwa kuwatenga watu. Neno boycott, ambalo siku hizi tunalitumia hata kwa kampuni za simu, limetokana na Charles Boycott, wakala wa ardhi wa eneo la Mayo ambaye mwaka 1880 majirani walikataa kumfanyia kazi, kumuuzia kitu, hata kumsalimia. Mwaka 1903 bunge la London lilipitisha sheria iliyowasaidia wapangaji hao kununua mashamba kutoka kwa mabwana zao.

Mwaka 1904 Grogan akafika Afrika Mashariki kutafuta ardhi.

Tazama hizo tarehe mbili. Nchi ya mababu zake ilikuwa ndiyo inaanza kuvunja mashamba makubwa ya watu wachache. Huku kwetu, chini ya ufalme uleule, ndiyo kwanza mashamba hayo yalikuwa yanatengenezwa.

*

Alikuja kama mfanyabiashara, na tuseme ukweli, jicho la biashara alikuwa nalo. Pamoja na Mkanada mmoja wa biashara ya mbao, Lingham, alipata haki ya kukata miti katika msitu mkubwa upande wa Eldama Ravine. Mombasa alichukua ardhi Mbaraki, akisema kwamba meli kubwa zitahitaji gati la maji ya kina kirefu. Wakati huo wengi hawakumwelewa, lakini mwishowe gati likajengwa, na serikali yenyewe ikaja kulinunua. Nairobi alijenga nyumba Chiromo, mahali ambapo leo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi wanapasua vyura maabara. Na akanunua kinamasi kando ya mto Nairobi, ardhi iliyodharauliwa, yenye mbu na matope. Hapo ndipo fundi wetu amelala chini ya gari.

Ukiangalia vizuri, mbinu yake ilikuwa ileile kila mahali. Tafuta kitu ambacho mji utakihitaji kesho: mbao, bandari, kiwanja, maji. Kichukue leo kikiwa bei ya chini. Halafu pigana ndani ya siasa ili kesho hiyo ije upande wako. Hatua ya tatu ndiyo inayosahaulika tunapomsifu mtu kwamba alikuwa na maono. Maono peke yake hayajengi bandari. Bandari inajengwa na reli, na reli inajengwa kwa kodi, na kodi inapangwa na watu waliokaa katika chumba fulani. Grogan alitaka kuwa ndani ya chumba hicho.

Mlango wake wa siasa ulikuwa chama cha walowezi, Colonists' Association, na mwaka 1907 alikuwa rais wake. Machi mwaka huo likatokea jambo lililolitangaza jina lake. Wanawake wawili wazungu, mmoja akiwa dada yake, walilalamika kwamba wavuta rikisho waliwatikisa na kuwakosea adabu njiani. Grogan aliwachukua wavuta rikisho watatu, Wakikuyu, akawapeleka mbele ya mahakama ya Nairobi, na hapo, mbele ya umati wa walowezi, akawachapa viboko. Maafisa waliojaribu kumzuia hawakusikilizwa.

Kwa nini mbele ya mahakama? Kama ni hasira tu, angewachapa nyumbani. Alichagua mahali pale kwa sababu ujumbe haukuwa wa wale watatu peke yao. Ulikuwa pia wa hakimu, wa polisi, wa gavana: sheria ya nchi hii ni sisi. Hiyo haikuwa hasira. Ilikuwa kampeni.

Alishtakiwa kwa mkusanyiko haramu, akahukumiwa kifungo cha mwezi mmoja. Hakukaa jela. Yeye na wenzake walifungiwa katika nyumba mlimani Nairobi. Na kisiasa haikumharibia kitu. Baadaye aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria, LegCo, akakaa humo kwa vipindi tofauti mpaka mwaka 1956. Alisifika kuwa msemaji hodari, mwenye ulimi mkali, asiyemwogopa gavana yeyote. Unaweza kuwa mpinzani mkubwa wa serikali na bado ukawa unatetea shamba lako tu. Hilo nalo tunalijua, sivyo?

*

Sasa tushuke Taveta.

Kutoka Voi unachukua matatu, unapita Mwatate, Bura, Maktau, halafu unaingia kipande kirefu cha mbuga ya Tsavo Magharibi ambapo abiria wote wananyamaza wakitafuta tembo dirishani. Lami ya siku hizi ni safi. Zamani barabara hii ilikuwa vumbi jekundu, ungefika ukiwa umebadilika rangi. Kando yako inakwenda reli ya zamani. Halafu kilima cha Salaita kinatokea, na nyuma yake, kama siku haina mawingu, Kilimanjaro. Ukifika Taveta, hewa inabadilika. Kuna maji. Mvua yenyewe si nyingi. Maji haya yanatoka mlimani, yanapita chini ya ardhi na kutokeza kwenye chemchemi kama za Njoro, na mengine yanakuja na mto Lumi mpaka ziwa Jipe. Upande wa Mboghoni ndiko kuna migomba, mahindi, nyanya, na msitu wa Kitobo uliokaa juu ya maji kama kisiwa.

Nyanya alikuwa akisema kwamba hapa hatulimi ardhi, tunalima maji. Ardhi bila mfereji ni mahali pa kufugia vumbi.

Wataveta walilijua hilo mapema. Misafara ya Waswahili iliyotoka pwani kwenda Kilimanjaro na Umasaini ilipumzika hapa, kwa sababu palikuwa na kivuli, ndizi na usalama. Joseph Thomson alipita mwaka 1883, Harry Johnston mwaka 1884, na wageni wa enzi hizo waliandika habari za mashamba ya migomba yaliyonyweshwa kwa mifereji. Wenyeji walikuwa na wazee wao wa baraza, njama, waliosimamia mambo ya nchi. Hapakuwa mahali pasipo na mwenyewe.

Johnston hakuandika tu. Alitaka mikataba. Karatasi alizopata Taveta mwaka 1884 ziliishia mikononi mwa wafanyabiashara wa Uingereza, na zikawa sehemu ya madai yao juu ya eneo hili. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipogawana, mpaka uliupinda mlima Kilimanjaro ukaachwa upande wa Wajerumani, na Taveta ikabaki upande wa Waingereza. Kwa hiyo kabla ya Nairobi kuwa Nairobi, Taveta ilikuwa imeshaandikwa kwenye karatasi ya mtu.

Vita vya Kwanza vya Dunia vikaleta kitu kingine. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914. Waingereza, ili wairudishe, walijenga reli kutoka Voi, kilomita baada ya kilomita katika nchi kavu, na Februari 1916 wakapigwa pale Salaita kabla ya kufanikiwa mwezi uliofuata. Reli ile haikujengwa kwa ajili ya mkulima yeyote. Lakini vita vilipokwisha ilikuwa bado ipo, ikitoka mlangoni mwa Taveta mpaka kwenye reli ya Mombasa, na upande wa pili ikiunganishwa na reli ya Tanga.

Ardhi tambarare, maji ya mlima, na reli ambayo jeshi limeshailipia. Nani alikuwa na jicho la kuona vitu kama hivyo?

*

Grogan alipata mashamba makubwa upande wa Ziwani, Jipe na Taveta, na miaka ya 1930 akahamishia nguvu zake huku. Alipanda mkonge, zao lililokwishatajirisha watu ng'ambo ya mpaka. Mkonge ule ulikuwa umeletwa Tanga na Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida. Miche 1,000 ilisafirishwa, ikafika hai 62 tu, na kutokana na hiyo 62 yakaja mashamba yote. Ni mmea usiotaka huruma. Unavumilia jua, lakini unataka mikono: ya kukata majani yenye miiba, kufunga mizigo, kulisha korona inayosaga majani na kuacha nyuzi, kuanika, kufunga marobota. Vita vya Pili vilipokuja na Wajapani wakaziteka Ufilipino na Java mwaka 1942, nyuzi za huko zikakatika sokoni, na mkonge wa Afrika Mashariki ukawa dhahabu.

Juu ya kilima cha Girigan, Grogan alijenga nyumba ambayo watu mpaka leo wanaiita kasri. Ukisimama pale unaona ziwa Jipe, milima ya Upare, Kilimanjaro, na bonde lote chini. Miaka mingi baadaye iligeuzwa kuwa hoteli. Watu wanakwenda kupiga picha za harusi, na tour guide anawasimulia safari ya Cairo. Mimi nilikwenda mara moja, nikanunua soda, nikasimama ukutani. Nilichokiona kwanza si uzuri. Niliona kwamba kutoka pale mtu angeweza kujua ni nani anafanya kazi na ni nani amekaa.

Na maji. Shamba kubwa lilihitaji mifereji mikubwa, na Grogan aliichimbisha. Kuna watu Taveta watakaokuambia kwamba bila yeye kusingekuwa na kilimo cha maana huku, na si uongo mtupu: mtu alileta mtaji, akapeleka maji mahali palipokuwa pakavu. Lakini mfereji una mdomo na una mkia. Anayeshika mdomo ndiye anayeamua mkia utapata nini. Kule njama za wazee ziligawa maji kwa watu, sasa shamba moja lilikuwa na haki iliyoandikwa, na watu wakawa majirani wa shamba, au vibarua wa shamba, au, neno ambalo nyanya alilichukia kuliko yote, maskwota.

*

Nataka umjue mwanasiasa mwingine, kwa sababu jina lake halimo kwenye barabara unayonunulia spea.

Woresha Mengo alikuwa Mtaita. Mwishoni mwa miaka ya 1930, wakati Grogan akiwa na mkonge wake bondeni, watu wa milima ya Taita walikuwa wanabanwa: ardhi ya chini ilikuwa imechukuliwa na mashamba ya walowezi, na serikali ilitaka kuwapunguza watu na mifugo milimani. Mwaka 1939 Mengo, pamoja na Jimmy Mwambichi na wenzao, walianzisha Taita Hills Association. Waliandika barua, wakafanya mikutano, wakashirikiana na Kikuyu Central Association iliyokuwa na kilio hichohicho. Silaha yao ilikuwa malalamiko yaliyoandikwa vizuri.

Mwaka 1940 serikali ikakipiga marufuku chama hicho kwa kisingizio cha vita. Viongozi wake, pamoja na wale wa KCA na wa Ukamba, wakapelekwa kizuizini Kapenguria bila kufunguliwa kesi.

Weka hizo adhabu mbili kando kwa kando. Mmoja alichapa watu viboko mbele ya mahakama, akapewa mwezi mmoja katika nyumba yenye upepo mzuri, kisha kiti katika baraza la sheria. Mwingine aliuliza ardhi ya watu wake imekwenda wapi, akapelekwa upande wa pili wa nchi bila hata hakimu kumsikiliza. Wote wawili walikuwa wanasiasa wa ardhi. Tofauti ni kwamba mmoja aliingia katika siasa akiwa nayo.

LegCo ya Grogan ilikuwa na wazungu waliochaguliwa kuanzia mwaka 1920. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliteuliwa mwaka 1944. Waafrika hawakupiga kura kuchagua wawakilishi wao mpaka Machi 1957, viti vinane kwa nchi nzima, na pwani ikampeleka Ronald Ngala. Grogan alikuwa ametoka mwaka mmoja tu kabla. Katika miaka yake yote ya kusema juu ya kodi, reli, kazi na ardhi, hakuwahi kuhitaji kura ya mtu yeyote wa Mboghoni.

*

Sitaki kumfanya zimwi tena. Nyanya alishafanya hivyo, na zimwi ni rahisi: ukishakua unaacha kuliogopa, na hapo unaacha kuuliza maswali.

Gertrude alifariki mwaka 1943. Kwa kumbukumbu yake Grogan alitoa ardhi Muthaiga, na mwaka 1947 ikaanza hospitali ya watoto ambayo leo kila mzazi wa Nairobi anaijua kwa jina la Gertrude's. Binamu yangu mdogo ametibiwa humo. Kwa hiyo ndiyo, mapenzi yalikuwepo, na yaliacha kitu cha maana. Mtu anaweza kumlilia mkewe kwa dhati na bado akaamini kwamba mvuta rikisho hana mke wa kumlilia. Hayo mawili yalikaa ndani ya kifua kimoja bila kugombana, na hilo ndilo linalonitisha kuliko zimwi.

Grogan aliondoka Kenya akiwa mzee, akafariki Cape Town mwaka 1967, na umri wa miaka 92. Aliishi kuiona bendera ikishuka. Alipokwenda, mashamba hayakwenda naye, na hayakurudi kwa njama pia. Sehemu kubwa ya mashamba yake ya Taveta ilipita mikononi mwa familia ya Criticos, Wakenya wenye asili ya Ugiriki, na katika miaka ya 1990 Basil Criticos akawa mbunge wa Taveta. Tofauti na Grogan, yeye alilazimika kuomba kura, na watu walimpa. Familia ya rais wa kwanza, Jomo Kenyatta, nayo ikawa na shamba kubwa Taveta. Ongeza mbuga za Tsavo, zinazochukua karibu asilimia 62 ya kaunti ya Taita Taveta, na utaelewa kwa nini kila mgombea anayekuja na gari refu huanza hotuba yake kwa neno moja: ardhi. Na kwa nini, baada ya uchaguzi, neno hilo hurudi ndani ya gari.

Uhuru ulibadilisha majina kwenye hati. Ukubwa wa hati haukubadilika sana. Tulidhani tatizo ni Grogan, kumbe tatizo lilikuwa kiti ambacho Grogan alikalia: kiti ambacho mwenye shamba kubwa anakaa ili apange sheria ya mashamba. Kiti hicho hakina rangi. Yeyote akikaa hapo, ataanza kuona bonde lote kama mtu aliyesimama Girigan.

*

Desemba iliyopita nilikwenda Mboghoni. Nyanya amezeeka, haoni vizuri jioni, lakini mfereji anausikia. Anakaa nje na kusema, "Maji yameongezeka," au "Kuna mtu ameziba huko juu," na ukienda kuangalia unakuta ni kweli. Siku hizi wakulima wana kamati, wana zamu. Usiku huo ilikuwa zamu yetu saa tisa, na mjomba akanipa jembe bila kuuliza kama wataka.

Kabla ya kwenda kulala nyanya alinionyesha bahasha. Ndani kuna karatasi za ofisi mbalimbali: fomu, risiti, barua ya mwaka fulani inayosema ombi limepokelewa, barua nyingine inayosema vilevile. Hati yenyewe haimo. Amelima kipande hiki tangu mama yangu akiwa mgongoni, na kwa karatasi bado si chake.

"Wewe umesoma," akaniambia. "Hebu angalia kama kuna mahali nilikosea kujaza."

Niliangalia zote kwa tochi ya simu. Jina lake limeandikwa vizuri, nambari ya kitambulisho ni sahihi, saini ipo kila mahali ilipotakiwa.

"Nyanya, hukukosea," nikamwambia.

Akazirudisha ndani ya bahasha, moja moja, kwa mpangilio wake. Saa tisa mjomba akaniamsha, tukaenda kufungua maji.